Kabla ya kuuliza jina la embe, uliza mzizi

Mawingu ya Novemba yakianza kujikusanya juu ya Dodoma, miche ya kubebesha hupangwa kando ya barabara. Viriba vyeusi husimama mstari kwa mstari, na muuzaji anazitaja aina bila kusitasita: Apple, Kent, Keitt, Tommy Atkins, Dodo, na siku hizi parachichi la Hass. Wanunuzi wengi huuliza mambo mawili. Huu unazaa baada ya miaka mingapi? Tunda lake linauzwaje?

Ni maswali halali, kwa sababu hakuna anayepanda mti ili autazame. Lakini kwa mtu anayekwenda kupanda shamba lisilo na kisima wala mfereji, kwenye udongo uliochoka, hayo yanapaswa kuwa maswali ya tatu na ya nne. La kwanza ni mzizi: aina hii imebebeshwa juu ya mche gani, na mzizi wake una hali gani humo ndani ya kiriba? La pili ni kalenda: mti huu utataka maji mwezi gani, na mwezi huo shamba langu lina maji? Makala haya ni ya mkulima huyo, maana miche mingi inayokufa katika nyanda kame haifi kwa uvivu wa aliyeipanda. Inakufa kwa sababu uchaguzi ulianzia juu, kwenye tunda, badala ya kuanzia chini.

Tuanze na maji yenyewe, kwa hesabu ambayo kila mkulima anaweza kuifanya kwa kijiti ardhini. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dodoma katika mwaka wa kawaida hupata takriban milimita 550, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mwembe uliopewa nafasi ya mita 8 kwa 8 una mita za mraba 64, kwa hiyo anga linaushushia lita 35,200 kwa mwaka. Sasa uje mwaka mbaya wa milimita 350. Mti uleule unapata lita 22,400. Lakini ule uliopewa mita 10 kwa 10 unapata lita 35,000 katika mwaka huo mbaya, karibu sawa na alichopata jirani yake katika mwaka mzuri. Mita mbili za ziada kila upande zimeufuta ukame kwenye karatasi. Ndiyo maana ushauri wa kubananisha miti, ambao umeandikwa kwa mashamba yenye matone ya umwagiliaji, ukihamishiwa hapa unageuka hasara.

Nimesema kwenye karatasi, kwa kuwa maji ya kunyesha na maji ya kuingia ardhini ni mambo mawili. Udongo mwekundu wa kichanga wa nyanda za kati hupigwa na matone ya kwanza ukajifunga juu kama sakafu, na mvua kubwa ya saa moja ikaishia korongoni. Chini yake, mara nyingi lipo tabaka gumu ambalo jembe la mkono halijawahi kulifikia. Mboji ni haba, fosforasi ni haba. Wakulima wa Machakos, Kenya, walijibu tatizo la mtiririko kwa matuta ya fanya juu: mfereji unachimbwa kufuata usawa wa mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, na maji yanalazimika kusimama na kuzama. Mti wa matunda uliopandwa karibu na mfereji wa namna hiyo hupata na sehemu ya mvua ya jirani yake wa juu. Mwenye mteremko mdogo anaweza kuchimba kinga la nusu mwezi lililo wazi upande maji yanakotokea. Kazi hii hutangulia uchaguzi wa aina yoyote, na hakuna aina bora kiasi cha kuifidia.

Ukitaka kuona mzizi unavyofanya kazi, tazama miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji. Ilisimama pembezoni mwa njia za misafara ya karne ya 19, na mingine bado inatoa kivuli leo. Tabora ina mvua nyingi kuliko Dodoma, lakini kiangazi chake nacho hudumu miezi mitano au zaidi, na hakuna aliyeibebea miti hiyo ndoo za maji kwa miaka mia na ushee. Asili yake ni kokwa. Kokwa ya embe ikiota pale pale itakapoishi, hutuma mzizi wa katikati moja kwa moja chini kabla ya kujishughulisha na majani, na mzizi huo hukutana na unyevu wa masika yaliyopita wakati nyasi zote za juu zimekauka.

Mche wa kwenye kiriba una historia nyingine. Mzizi wake wa katikati hufika chini ya plastiki baada ya wiki chache, hukosa pa kwenda na kuanza kujizungusha. Mche uliokaa kitaluni mwaka mmoja na nusu ukisubiri mteja huwa na majani ya kupendeza na mzizi uliojiviringisha kama springi. Ukipandwa penye bomba, maji yatauficha ulemavu huo. Ukipandwa Chamwino au Bahi, huko Dodoma, utachangamka Januari, utasimama Mei, na Septemba utakuwa ukuni. Mwenye shamba atalaumu mchwa. Kweli mchwa atakuwepo, lakini mchwa huja zaidi kwenye mti ambao tayari umedhoofika.

Kwa hiyo, mbele ya muuzaji, mimi ningemwomba kiriba kimoja nikipasue kwa kukilipia. Mzizi wa katikati ukiwa umenyooka, na mche ukiwa mdogo kuliko ulivyotarajia, hiyo ni dalili njema. Mche mrefu wenye matawi si sifa katika nchi kame, kwa kuwa majani mengi ni midomo mingi ya kutoa maji juu ya mizizi michache ya kuyatafuta. Kisha ningeuliza mche wa chini ulitokana na kokwa gani. Embe la kienyeji, lile dogo lenye nyuzinyuzi ambalo halina soko kubwa mjini, ndilo linalotoa mche wa chini unaostahimili. Embe nyingi za kienyeji zina sifa nyingine isiyosemwa sana: kokwa moja hutoa vichipukizi viwili, vitatu au zaidi, na vingi vya hivyo ni nakala kamili ya mama. Mkulima mwenye mwembe wa kienyeji uliovuka ukame mkali shambani kwake anazo, bure, mbegu za miche inayofanana na mti ambao ardhi hiyohiyo imekwisha kuujaribu.

Juu ya mzizi huo ndipo jina la aina linapopata maana, na hapo tunaingia kwenye kalenda.

Mwembe huupenda ukavu kwa kiasi. Unahitaji miezi miwili mitatu mikavu, ikiwezekana na ubaridi wa usiku, ili uache kutoa majani na uanze kutoa maua. Juni na Julai za Dodoma zinaupa hilo bila gharama. Maua yakitoka kwenye hewa kavu, ugonjwa wa chule, unaofuata mvua na umande, hupungua mno. Ndiyo sababu embe za nyanda kame zina ngozi safi ambayo pwani huipata kwa dawa. Shida inakuja baadaye. Dodoma, tunda hujaa kati ya Septemba na Novemba, miezi ambayo mvua haijaja, na maji yote yanatoka kwenye akiba ya chini. Makueni na Kitui mambo ni tofauti: huko kuna misimu miwili, na mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, kwa hiyo tunda hujaa likinyeshewa na huvunwa kuanzia Desemba hadi Machi. Embe Apple, ambalo lina asili ya pwani ya Kenya na ndilo lililoipa Makueni jina sokoni, limekaa vizuri kwenye kalenda ile. Kulichukua kama lilivyo na kulipeleka Bahi kwa sababu limewatajirisha watu Makueni ni kununua nusu ya habari.

Kwa aina nyingine nitasema kwa ufupi. Ngowe, lile refu lililochongoka, ni tamu na hupendwa, lakini hushikwa haraka na ubwiri unga na lina tabia ya kuzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka ujao. Tommy Atkins lina ngozi ngumu, linasafiri vizuri, na ladha yake haifiki ya Apple. Kent ni tamu sana na halina nyuzinyuzi, ila huchelewa kuiva, na Keitt huchelewa zaidi. Kuchelewa kunaweza kuwa faida, kwa kuwa embe zote zikishuka Desemba na Januari bei huanguka. Lakini kwenye msimu mmoja wa mvua wa Dodoma, tunda la kuchelewa hukutana na Januari na Februari zenye unyevu, wakati inzi wa matunda wameshaongezeka kwa kulelewa kwenye embe zilizooza chini ya miti ya mapema. Inzi huyo vamizi kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na akaenea kwa kasi. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe Ulaya kwa sababu yake, na haikurejea hadi 2021. Mkulima wa mvua asiye na mitego wala jirani anayeokota matunda yaliyoanguka achague aina za mapema na za katikati.

Parachichi la Hass linahitaji aya yake, kwa sababu linawaumiza watu wengi. Tarishi wa posta Rudolph Hass alilipatia hataza huko California mwaka 1935, na leo ndilo parachichi linalotawala biashara ya dunia. Njombe, Rungwe na Murang'a limebadilisha maisha ya familia, na ninafurahi kuliona likifanya hivyo. Ila mizizi ya mparachichi hukaa juu juu, mingi ndani ya sentimeta 60 za kwanza, na haina vinyweleo vya kutosha vya kunyonya udongo unaokauka. Mti huu uliumbwa kwa ajili ya misitu yenye majani mengi yaliyooza chini na mvua zaidi ya milimita 1,000 zilizotawanyika vizuri. Kuuza mche wa Hass kwa mama wa Manyoni anayetegemea mvua, tena kwa bei kubwa kuliko embe, bila kumwambia hayo, ni kumtendea isivyo haki. Ofisi za kilimo za wilaya zinaweza kulisema hili hadharani kila Novemba, na hakuna gharama yoyote katika kulisema.

Mti ambao ningetamani uwe juu kabisa kwenye orodha ya nyanda za kati ni mmoja ambao tumezoea kuuona ukijiotea kwenye mito mikavu: mkunazi.

Jodhpur, Rajasthan, mji ulio ukingoni mwa jangwa la Thar, hupata takriban milimita 360 tu kwa mwaka, pungufu kwa theluthi moja ya mvua ya Dodoma. Mwaka 1959 India ilianzisha huko taasisi ya utafiti wa kanda kame, na mkunazi ukawa moja ya kazi zake. Aina zilizochaguliwa, zikiwemo Gola inayowahi, Seb, na Umran inayochelewa, hutoa kunazi zenye ukubwa wa plamu, zenye nyama nyeupe inayomeguka mdomoni, tofauti kabisa na zile ndogo chachu tulizookota utotoni. Zilipopelekwa Mali na Niger na kubebeshwa juu ya mikunazi ya huko, wachuuzi wakaanza kuziuza kwa jina la tufaha la Sahel.

Siri ya mkunazi ni kalenda. Kiangazi kikikaza, hudondosha majani na kulala. Mvua ikija hutoa matawi mapya kwa kasi, na maua na matunda hubebwa na matawi hayo hayo ya msimu. Kwa hiyo kipindi chote cha kazi nzito ya mti kimefungwa ndani ya mvua na miezi michache inayoifuata, na wakati wa jua kali mti hauna cha kupoteza. Wakulima wa Rajasthan hukatia matawi kwa nguvu mwezi Mei, mti ukiwa umelala, ili mvua za Julai zikute vichipukizi vichache vyenye nguvu. Matawi yaliyokatwa yanakuwa uzio na majani yake chakula cha mbuzi. Na jambo linalonigusa zaidi ni hili: wengine hawapandi mche wa kubebesha hata kidogo. Huotesha mbegu ya mkunazi mwitu pale pale shambani, mzizi ukashuka bila kukutana na plastiki, kisha mwaka unaofuata hubandika jicho la Gola au Seb juu yake.

Mkunazi una mabaya yake na lazima yasemwe. Una miiba, unashikwa na ubwiri unga, na usipoangaliwa husambaa. Kaskazini mwa Queensland, Australia, umekuwa gugu la kupigwa vita katika malisho. Kwetu uko siku nyingi, kwa hiyo hatuleti mgeni, lakini mikunazi isiyobebeshwa iliyojiotea malishoni inafaa kubebeshwa au kung'olewa badala ya kuachwa iwe kichaka.

Lipo swali jingine ambalo katika vijiji vya mbali lina uzito kuliko ladha: tunda likishaiva, litasubiri lori? Embe halisubiri. Lori likichelewa siku nne kwa sababu daraja limekatika, mavuno ya mwaka yamekwisha. Ubuyu na ukwaju hukauka vyenyewe juu ya mti na hukaa kwenye gunia miezi kadhaa bila umeme wala barafu. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuingia sokoni kwake mwaka 2008, Marekani ikafuata 2009, na nyumbani soko la juisi na la ubuyu wa rangi halijawahi kukauka. Hata hivyo bado tunaokota kwenye miti ya Mungu, kwa imani kwamba mbuyu haupandwi. Mbuyu wa mbegu kweli hukawia, mara nyingi zaidi ya miaka kumi, na ipo inayokua mikubwa isizae kwa maana. Ukibebeshwa kikonyo cha mbuyu unaojulikana kwa kuzaa na kwa unga mtamu, kungoja hupungua hadi miaka michache na bahati nasibu inaondoka. Mkwaju wa mbegu huhitaji miaka saba hadi kumi, wa kubebesha mitatu au minne. Thailand, hasa mkoa wa Phetchabun, wamechagua ukwaju mtamu unaoliwa kama peremende. Hatuhitaji kwenda huko kwa kuanzia. Kila kijiji cha Ugogo na Ukambani kina mkwaju mmoja ambao watoto wanaufahamu kuwa si mchachu kama mingine, na huo ndio wa kukata vikonyo.

Ardhi ya mawe isiyofaa hata mtama inaweza kupewa mtopetope, unaodondosha majani kiangazi kama mkunazi, na uani penye maji ya kunawia pakapewa mkomamanga na mpera. Kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi, ICRAF, kimewasaidia wakulima wa Machakos kuzipanga aina za namna hii, za asili na za kuja, kwa miezi, ili kila mwezi nyumba iwe na angalau tunda moja linaloiva. Ukiichora kalenda hiyo kwa shamba lako utagundua mapengo, na mapengo ndiyo yanayopaswa kuchagua mti unaofuata. Heka nzima ya Apple, hata ikistawi, inajaza wiki sita za mwaka na kukuacha mikononi mwa mnunuzi mmoja.

Kwa anayetaka kuanza msimu huu, kalenda ya Dodoma imempa zawadi. Kokwa ya embe haiwekeki, hufa ikikauka kwa wiki chache. Lakini embe za huku huiva Novemba hadi Januari, na mvua inaanza Desemba, kwa hiyo kokwa mbichi na udongo wenye unyevu hukutana zenyewe. Shimo lichimbwe mapema, sentimeta 60 kila upande na zaidi kwenda chini kama kuna tabaka gumu, lijazwe udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, maana samadi mbichi huita mchwa. Kokwa za kienyeji tatu, ziondolewe ganda la nje, zifukiwe kina cha vidole vitatu. Uzio wa matawi ya miiba uwekwe siku hiyohiyo kabla mbuzi hawajajua. Kiangazi cha kwanza kitafanya uteuzi wake, na mche utakaofika Novemba ya pili ukiwa hai umeshafaulu mtihani ambao hakuna kitalu kinachoweza kuutoa.

Shina likifika unene wa penseli, mvua ikiwa imeshika na utomvu unatembea, ndipo kikonyo kinaletwa kutoka kwenye mti ambao mkulima ameuona kwa macho yake ukizaa: kijiti cha sentimeta 10 hadi 15, chenye macho yaliyovimba, kilichopunguzwa majani wiki moja kabla ya kukatwa. Kinachongwa kabari, kinaingizwa kwenye mpasuo wa shina, kinafungwa kwa utepe wa nailoni na kufunikwa kimfuko. Kijana mwenye mkono mwepesi hujifunza kazi hiyo kwa siku moja, na kisu, tepe na vikonyo huenea kwenye mfuko mmoja wa baiskeli. Vijiji vingeweza kumlipa kijana huyo kwa kila kikonyo kilichoshika, kikaguliwe baada ya miezi miwili, na fedha zinazonunulia miche mirefu ya kwenye viriba kila mwaka zingemlipa yeye na bado zikabaki za kuchimbia makinga maji.